Watu Waliomo Katika Picha ya 1874

Iko picha ya jamaa ya Dk. David Livingstone, iliyopigwa Newstead Abbey, Uingereza, mwaka 1874. Twaona humo watoto wake, Tom na Agnes, na Padre Horace Waller, aliyezitengeneza daftari za marehemu zipigwe chapa. Pamoja nao wameketi Waafrika wawili, Abdullah Susi na James Chuma.

Hao ndio walioongoza msafara uliochukua maiti yake toka Ilala hata Bagamoyo. Lakini maziko ya Westminster, tarehe 18 Aprili 1874, hawakuyawahi. Basi twajua kwamba picha ilipigwa baadaye.

Chuma, Myao, alifunguliwa utumwani mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie, akafa Unguja mwaka 1882. Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa David.

Twayajua hayo kwa sababu majina yao yaliandikwa. Wapagazi wenzao wengi hawana jina wala sura.

Ndugu, zitoeni picha zenu masandukuni, waulizeni wazee wangali hai, mwandike nyuma jina la kila mtu, hata la mpishi na mpagazi.