Nyuzi Nane na Koo la Mwimbaji

Mpiga litungu akiketi shereheni, iwe Butiama au Bunda mkoani Mara, Tanzania, hashiki wimbo papo hapo. Kwanza hugusa uzi mmoja mmoja, akakaza huu na kulegeza ule, huku akivumisha sauti ya kujaribia. Asiyejua hudhani bado hajaanza.

Litungu hujulikana zaidi kwa Wakurya. Lina bakuli pana la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayochomoza humo, na mti uliokingama juu. Nyuzi nane hupanda hadi kwenye mti huo. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi nailoni imeshika nafasi. Halina vigingi vya kukazia. Kila uzi huviringishwa pamoja na kipande cha kitambaa au ngozi, na mpigaji akikizungusha, sauti hupanda au kushuka.

Ala za namna hii ni za kale mno. Huko Beni Hasan, Misri, kaburi la miaka takriban 3,900 iliyopita lina picha ya mtu akipiga moja. Jamaa wa litungu wametapakaa Sudani, Ethiopia, Uganda na Kenya, ambako Wajaluo wana nyatiti na Wakisii obokano. Mara iko karibu na ukingo wa kusini wa eneo hilo.

Kwa litungu, mwenye amri ni koo. Mwimbaji mwenye sauti nzito huteremshiwa nyuzi, mwenye sauti nyembamba hupandishiwa, na hakuna anayeuliza kipimo cha kiwanda.

Kinanda cha mdomo ni kinyume chake. Matthias Hohner alianza kuviunda Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, na vikasambaa duniani vikiwa vimekwisha kupangwa sauti. Kile cha matundu kumi kina ndimi ishirini za metali, mbili kwa kila tundu. Wapigaji wa bluzi huko Marekani walikataa kufungwa: wakivuta pumzi huku wakibadili umbo la kinywa, waliilazimisha sauti ishuke. Wengine hukifungua na kurekebisha mwanya wa ulimi ili uitikie upesi. Jasho lote hilo ni la kutafuta uhuru ambao mpiga litungu huupata kwa kuzungusha kitambaa.

Uhuru huo, pamoja na sanaa nyingine za kienyeji, ulitaka kulindwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akihuzunika kwamba wasomi walifundishwa ngoma za Ulaya wakaacha za kwao. Mwaka 1981 kikafuata Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Studio za leo zimeleta mtihani mwingine. Litungu likirekodiwa pamoja na kinanda cha umeme, ni nyuzi zinazokazwa kukifuata kinanda, na mwimbaji naye hupanda au kushuka kufuata nyuzi.