Fanusi ya Nightingale na mtaro wa Scutari

Kila ifikapo Mei 12, wauguzi wetu huvaa sare nyeupe zilizopigwa pasi, huwasha mishumaa na kula kiapo kwa sauti moja. Wengi huupitisha mshumaa kwenye kipande cha karatasi kilichotobolewa katikati ili nta isiwaunguze vidole. Ni sherehe nzuri, na kila nikiihudhuria huguswa.

Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, katika mji wa Italia aliopewa jina lake. Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliiteua mwaka 1974. Kiapo chenyewe hakukitunga yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Hata taa ile ya mdomo mrefu kama birika tunayoichora kwenye beji siyo aliyoibeba. Yake ilikuwa fanusi ya Kituruki, inayokunjika na kukunjuka kama kodiani.

Naitaja fanusi kwa sababu mwanga wake umetufumba macho tusione jambo kubwa zaidi katika maisha ya mama huyu, nalo ni mtaro wa maji machafu.

Vita vya Crimea dhidi ya Warusi vilipopamba moto mwaka 1854, gazeti la The Times liliandika jinsi majeruhi wa Uingereza walivyotelekezwa. Waziri Sidney Herbert akamwomba Nightingale aende. Novemba 4 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38, watawa na wauguzi wa hospitali. Hospitali ilikuwa kambi kubwa ya jeshi la Waturuki iliyogeuzwa wodi.

Madaktari hawakuwataka. Hawakuwafukuza, ila waliwapuuza, hakuna aliyewaita wodini. Nightingale naye akawakataza wanawake wake kumgusa mgonjwa yeyote bila daktari kuomba. Wakakaa vyumbani mwao wakishona mito na bandeji, huku vilio vya majeruhi vikiwafikia. Baadhi yao walimwona ana roho ngumu. Lakini alijua kwamba akiingia kwa nguvu siku moja, atatolewa kesho yake. Haikuchukua siku nyingi. Majeruhi wa vita vya Inkerman walipoanza kumiminika, madaktari wakazidiwa, na wao wenyewe wakabisha hodi kuomba msaada.

Baada ya hapo alifua, alipika, alinunua mashuka na brashi za kusugulia sakafu, na usiku alipita kati ya vitanda na fanusi yake. Pamoja na juhudi zote hizo, vifo viliongezeka. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale, 42 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, kipindupindu na homa. Jengo lilikuwa limekalia mitaro iliyoziba, na hewa ya vyooni ilipanda hadi wodini.

Machi ikafika Tume ya Usafi kutoka London, ikiwa na Dkt. John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Walifukua mfereji uliopeleka maji hospitalini wakakuta mzoga wa farasi, na maji waliyokunywa wagonjwa yalikuwa yakipita humo humo. Katika wiki mbili za kwanza ziliondolewa takataka za kujaza mikokoteni na vikapu 556. Mitaro ikasafishwa, kuta zikapakwa chokaa, madirisha yakafunguliwa. Kufikia Juni, waliokufa walikuwa wawili katika kila 100. Wauguzi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni maji, hewa na mtaro.

Mwandishi Hugh Small, katika kitabu chake kuhusu Nightingale, anadai kwamba mama huyu aliujua ukweli huo baada ya kurudi nyumbani, alipokaa na mtakwimu William Farr wakazichambua hesabu za vifo. Hadi hapo aliamini askari walikufa kwa njaa na uchovu wa vitani. Lynn McDonald, aliyehariri maandishi yake, anampinga Small. Mimi naelemea upande wa Small, kwa kuwa ndiye anayetuonyesha muuguzi aliyethubutu kuihesabia hospitali yake mwenyewe maiti. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wake maarufu wa duara, na mtu yeyote angeweza kuona kwa macho kwamba maradhi yaliyozuilika yaliua kuliko Warusi. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Takwimu cha London.

Hakumsamehe Dkt. John Hall, mganga mkuu wa jeshi la Uingereza huko Crimea, ambaye kabla ya balaa aliandika kwamba Scutari haikupungukiwa kitu. Hall alipopewa nishani ya heshima, Nightingale aliandika kwa uchungu kwamba ni nishani ya makaburi ya Crimea.

Mengine yanajulikana. Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, na mtindo wake ukasambaa. Kwetu uliletwa na wamisionari na serikali ya kikoloni, ukatuachia maneno wodi, sista na metroni. Leo tuna wauguzi wenye shahada hadi za uzamivu.

Lakini tumechukua mshumaa, hesabu tukaiacha. Muuguzi husifiwa kwa moyo wa huruma, halafu huachiwa wodi nzima peke yake zamu ya usiku, na kitu kikiharibika lawama ni zake. Nani anamuuliza kama bomba lilitoa maji?

Mwaka jana nilimuuguza shangazi yangu katika hospitali moja ya wilaya. Usiku umeme ulikatika. Muuguzi wa zamu, binti ambaye nadhani hajafika miaka thelathini, alishika simu yake kwa meno ili tochi imulike mkono wa shangazi, akautafuta mshipa taratibu, akaupata kwa mara ya kwanza. Shangazi hata hakushtuka. Alipomaliza alienda kwenye ndoo ya kunawia iliyowekwa juu ya stuli pembeni mwa sinki kavu. Akafungua koki, akaiinamisha ndoo, akaitikisa. Kisha akanigeukia akaniuliza kama nilikuja na maji ya chupa.