Sumo kwenye tamthilia: kamera ilivyotoka ulingoni ikaingia nyumba ya mafunzo

Sanctuary ni tamthilia ya Kijapani yenye vipindi 8 iliyotolewa na Netflix tarehe 4 Mei 2023. Mwelekezi wake ni Kan Eguchi na mwandishi wa mswada ni Tomoki Kanazawa. Mhusika mkuu, Kiyoshi Oze, anaigizwa na Wataru Ichinose, ambaye kabla ya kuingia kwenye uigizaji alikuwa mpiganaji wa ngumi na mateke. Oze ni kijana mkorofi wa Kitakyushu, katika mkoa wa Fukuoka. Mgahawa wa sushi wa baba yake umefilisika, madeni yameizonga familia, naye anakubali kwenda Tokyo kwa sababu moja tu: ameambiwa sumo ina pesa. Mila hazimshughulishi. Wakubwa wake anawajibu kwa ufedhuli, ulingo anaukanyaga kama uwanja wa kugombania vijiweni, na hata anapopewa jina la ulingoni, Enno, bado hajui ameingia wapi.

Uzito wa tamthilia hii hauko kwenye mapigano. Pambano la sumo mara nyingi huisha kwa sekunde chache: anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa wayo, au anayetoka nje ya duara, ameshindwa. Saa nyingi za Sanctuary zinapita ndani ya heya, nyumba ambamo wanamieleka wanaishi, wanafunzwa, wanakula na kulala chini ya mkuu mmoja. Runinga ya Japani imeonyesha mapambano ya sumo kwa zaidi ya miaka 70, lakini uani mwa nyumba hizi haikuingia mara kwa mara.

Maisha ya humo yana mpangilio usiobadilika. Vijana wa daraja la chini huamka yapata saa kumi na moja alfajiri, wakafagia ulingo na kuanza mazoezi kabla hawajatia kitu tumboni. Zoezi la kwanza ni shiko: mguu mmoja unanyanyuliwa kando hadi juu, unatulizwa hewani, kisha unakitwa ardhini kwa kishindo, na hivyo hivyo mara mia na zaidi. Baadaye huja zoezi la kusukumana. Mmoja anatoa kifua chake, mwenzake anamvamia na kumsukuma kutoka ukingo hadi ukingo, nyayo zikiburura udongo. Akifika mwisho anabwagwa, anabingirika, anainuka na kuanza upya, mpaka pumzi imkatike na mgongo wote ugandwe na mchanga uliochanganyika na jasho. Anayeshindwa kuinuka huambiwa ainuke.

Chakula nacho kina ngazi zake. Vijana hupika chanko, mchuzi mzito wa mboga, nyama au samaki unaochemshwa kwenye chungu kikubwa. Kwa desturi, siku za mashindano kuku ndiye hupendelewa, kwa kuwa husimama kwa miguu miwili. Mnyama wa miguu minne anafanana na mtu aliyeangushwa akatua kwa mikono. Wakubwa hula kwanza huku wadogo wamesimama nyuma yao, tayari kuwahudumia. Anayepika ndiye anayekula mwisho.

Chanzo cha ukali huo wote ni daraja. Sumo ya kulipwa ina madaraja 6, na kati ya wanamieleka takriban 600 ni 70 tu, yaani 42 wa daraja la kwanza na 28 wa daraja la pili, wanaopokea mshahara wa kila mwezi. Anayepanda kutoka daraja la tatu kuingia la pili hulipwa yeni zipatazo milioni 1.1 kwa mwezi, hupata chumba chake, na hupewa vijana wa kumbebea mizigo na kumsugua mgongo. Akishuka, hupoteza vyote na huenda akarudi kumhudumia yule aliyekuwa akimhudumia. Enno anapoelewa jambo hili ndipo hadithi inapokolea.

Sumo yenyewe ni ya kale. Kitabu cha Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia jinsi Nomi no Sukune alivyopambana na Taima no Kehaya mbele ya mfalme na kumuua kwa mateke. Karne zilizofuata ilichezwa katika makao ya wafalme kama sehemu ya sherehe. Katika enzi ya Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, iligeuka kuwa burudani ya kulipia, na mwanzoni mapato yalikusanywa kwa ajili ya kujenga na kukarabati mahekalu. Kuanzia 1833 hekalu la Ekoin, mtaani Ryogoku, likawa uwanja wa kudumu wa mashindano ya Tokyo, wakati huo ikiitwa Edo. Mbabe wa enzi ya Edo alikuwa Raiden Tameemon, aliyeshinda mara 254 na kushindwa mara 10 pekee. Mwaka 1909 ukajengwa ukumbi wa Kokugikan, na ukumbi wa sasa wenye jina hilo ulifunguliwa mwaka 1985.

Wengi huichukua sumo ya leo kuwa ndiyo ile ile ya kale, isiyoguswa na mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba utangazaji umeifinyanga upya. Shirika la NHK lilipoanza kutangaza sumo redioni Januari 1928, lilikuta wanamieleka hawana haraka. Waliweza kuchuchumaa, kukodoleana macho, kuinuka, kurusha chumvi na kurudia hayo yote kwa muda waliotaka, hadi pande zote mbili ziwe tayari kuanza. Redio haikuweza kungoja. Ukawekwa ukomo wa dakika 10 kwa daraja la kwanza. Siku hizi ni dakika 4. Mwaka huo huo ikachorwa mistari miwili katikati ya duara ili wapinzani wasianze wakiwa wamegusanisha vichwa.

Runinga iliacha alama kubwa zaidi. Juu ya ulingo huwa kuna paa la mtindo wa hekalu, na zamani paa hilo lilisimama juu ya nguzo 4. Nguzo hizo zilimziba mtazamaji. Septemba 1952 ziliondolewa, paa likaning'inizwa kwa nyaya kutoka darini, na mahali pa kila nguzo pakatundikwa shada kubwa la nyuzi lenye rangi yake. Miezi michache baadaye, Mei 1953, NHK ikaanza kurusha mashindano moja kwa moja. Kuanzia 1958 mashindano makuu yamekuwa 6 kwa mwaka, kila moja la siku 15: matatu Tokyo, na mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka. Ratiba hiyo imewapa Wajapani sumo sebuleni kila baada ya mwezi mmoja.

Tamthilia ilikuja kwa kuchelewa, na iliposhika kasi ilifuata umaarufu wa wanamieleka wenyewe. Januari 1992 Takanohana, akiwa na umri wa miaka 19, alinyakua ubingwa wake wa kwanza, na nchi nzima ikapagawa naye na kaka yake Wakanohana. Mwaka huo huo filamu ya Masayuki Suo iitwayo Shiko Funjatta ilimwonyesha mwanafunzi wa chuo kikuu anayelazimika kujiunga na timu dhaifu ya sumo ili apate kuhitimu. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu bora ya Akademia ya Japani, na mwaka 2022 ikapata mwendelezo wa vipindi kwenye Disney+.

Oktoba 1992 NHK ilianza kuonyesha Hirari, tamthilia ya kila asubuhi yenye vipindi vya dakika 15, iliyoendelea hadi Aprili 1993. Ilimhusu msichana wa Ryogoku anayeipenda sumo kwa moyo wote. Mwandishi wake, Makiko Uchidate, aliteuliwa mwaka 2000 kuingia katika baraza linalopendekeza nani apewe cheo cha yokozuna, ambacho ndicho cha juu kabisa, na akawa mwanamke wa kwanza kuketi humo. Hata hivyo, mwanamke huyo huyo alitetea waziwazi desturi inayowakataza wanawake kupanda ulingoni. Suala hilo liliwachoma Wajapani wengi Aprili 2018 huko Maizuru: meya alianguka ghafla akihutubia ulingoni, wanawake wakakimbilia kumwokoa, na tangazo la kipaza sauti likawaamuru washuke. Mwenyekiti wa Chama cha Sumo aliomba radhi. Katika Sanctuary, mwandishi wa habari Asuka Kunishima, anayeigizwa na Shioli Kutsuna, anagonga ukuta huo huo tangu siku ya kwanza kazini.

Kati ya Hirari na Sanctuary, sumo ilipita katika miaka ya aibu, na bila kuikumbuka miaka hiyo ukali wa tamthilia hii mpya haueleweki. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa katika nyumba ya Tokitsukaze, na mkuu wa nyumba hiyo akafungwa. Mwaka 2010 ikabainika kwamba wanamieleka walikuwa wakicheza kamari ya besiboli inayohusishwa na magenge, na NHK ikakataa kurusha moja kwa moja mashindano ya Julai, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1953. Mwaka uliofuata ulifichuka upangaji wa matokeo, na mashindano ya Machi 2011 yakafutwa. Mwaka 2017 yokozuna Harumafuji alistaafu baada ya kumpiga mwenzake baani.

Sanctuary inabuni nyumba zake na wanamieleka wake, lakini makovu hayo yote yamo. Vijana wanadhulumiwa usiku, wazee wanapanga mambo nyuma ya pazia, na pesa za wafadhili zina masharti. Zipo sehemu zilizotiwa chumvi kupita kiasi. Sumo ya kweli isingemvumilia Enno hata wiki moja kwa kejeli anazowafanyia wapinzani. Dosari hiyo inafidiwa na nusu ya pili. Enno anakutana ulingoni na Shizuuchi, jitu lisilosema neno, anaumizwa vibaya, na kuanzia hapo kila akichuchumaa kuanza pambano mwili unamkataa. Kinachomrudisha ni mazoezi yale yale ya alfajiri aliyoyadharau, na kwa mara ya kwanza mtazamaji anaona kukita mguu ardhini kuna maana gani kwa mtu aliyevunjika moyo. Uigizaji wa Ichinose katika vipindi hivyo ni wa kiwango cha juu sana.

Sumo imewapokea wageni pia, ingawa kwa kipimo. Takamiyama wa Hawaii alikuwa mgeni wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza, Julai 1972. Akebono, naye wa Hawaii, akawa yokozuna wa kwanza asiyezaliwa Japani mwaka 1993, na baadaye Wamongolia wakatawala: Hakuho alistaafu mwaka 2021 akiwa na mataji 45. Mwafrika wa kwanza kulipwa katika mchezo huo ni Abdelrahman Shaalan wa Misri, aliyejulikana kama Osunaarashi. Alianza Machi 2012, akaingia daraja la kwanza Novemba 2013, na Julai 2014 aliwaangusha mayokozuna wawili siku mbili mfululizo, katikati ya Ramadhani. Aliondoka mwaka 2018. Kanuni inayowabana watu kama yeye ni kwamba kila nyumba inaruhusiwa mgeni mmoja tu.

Huku Kabazi, katika Subukia, nchini Kenya, hadithi ya kijana maskini anayepelekwa Japani akatengenezwe si ngeni. Barabara ya Subukia inapanda mteremko hadi Nyahururu, na ni Nyahururu alikotoka Samuel Wanjiru. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alijiunga na shule ya upili ya Sendai Ikuei, akaishi bwenini, akajifunza Kijapani na kukimbia mbio za kupokezana za masafa marefu ziitwazo ekiden. Kisha akachukuliwa na timu ya Toyota Kyushu, katika mkoa ule ule wa Fukuoka anakotoka Enno wa tamthilia, chini ya kocha Koichi Morishita. Tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu hiyo. Kabla yake Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983 na kurudi bingwa wa dunia wa 1987, na Eric Wainaina akapata medali mbili za Olimpiki akiwa mkimbiaji wa kampuni ya huko. Ekiden za shule zina kizuizi kinachofanana na cha sumo: mwanafunzi mgeni haruhusiwi kukimbia mkondo wa kwanza tangu 2008. Wanjiru alifariki Nyahururu Mei 2011, akiwa na miaka 24 tu.

Kuhusu kutazama, mambo yamebadilika. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi filamu za Asia zilizofika vijijini zilikuwa za kung-fu, kwenye mabanda ya video, nyingi zikiwa na sauti ya DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Netflix iliingia nchini Januari 2016. Kuanzia Septemba 2021 iliwapa Wakenya mpango wa bure kwenye simu za Android, ukasitishwa Novemba 2023, miezi 6 baada ya Sanctuary kutoka. Sasa mtazamaji anahitaji kulipia na kuwa na bando la kutosha. Kipindi cha 8 kinamwacha Enno na Shizuuchi wakivamiana kwa mara nyingine, na mshindi haonyeshwi.