Faili halipati uhamisho

Niko Kyimo kwa mazoezi ya kufundisha. Malori ya kwenda Malawi yanapita hapa na makontena yao, ila leo naongelea makontena ya kwenye seva.

Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, alikuwa anatunza kompyuta za idara yake. Akatengeneza programu ya CFEngine. Siri yake ndogo tu: badala ya kuipa kompyuta hatua moja moja, unaandika iweje, yenyewe inajikagua na kujirekebisha. Puppet ikafuata 2005, Ansible 2012.

Mwaka 2013 ikaja Docker, inayofunga programu na mahitaji yake ndani ya kontena. Sasa makontena mengi kwenye seva nyingi nani ayapange? Mwaka 2014 Google wakatoa Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Unaandika unataka nakala tatu. Moja ikizimika, inawasha nyingine. Si wazo lile lile la Oslo jamani? Na faili la Ansible linaweza kuiagiza Kubernetes kazi hiyo yote, bila mtu kukesha.

Sisi walimu watarajiwa linatuhusu nini? Mwalimu wa kompyuta akihamishwa, anaondoka na maabara nzima kichwani, anayebaki anaanza upya. Faili halipati uhamisho. Hata kama una kompyuta tano tu, andika zilivyopangwa, anayekuja aendelezee hapo.