Mbadala wa Nini? Istilahi za Nishati na Maji ya Mbinga

Katika maandishi ya serikali yahusuyo umeme, maneno mawili yamekuwa yakigombea nafasi moja: nishati mbadala na nishati jadidifu. Wafasiri wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Sisi twaona sivyo, na historia ya Mbinga yatosha kuonyesha tofauti yake.

Mbadala ni kitu kishikacho mahali pa kingine. Neno hilo laeleweka Dar es Salaam, ambako umeme wa waya ulitangulia na paneli za jua zikafuata. Katika milima ya Umatengo mambo yalikwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wa Kindimba, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walijenga mashine ya kusaga nafaka iendeshwayo kwa nguvu za maji. Baadaye maporomoko ya Mbangamao nayo yakatoa umeme. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018, kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo miji ya Ruvuma ilitegemea sana jenereta za dizeli. Basi maji hayo yalikuwa mbadala wa nini? Kama kulikuwa na mbadala, ni ile dizeli iliyoletwa kwa malori.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Sheria ya Umeme ya mwaka 1931 ilidumu hadi ilipofutwa na ile ya mwaka 2008, ambayo iliisamehe leseni mitambo midogo ya chini ya megawati 1. Kijiji chenye kijito chapaswa kuisoma haki hiyo kwa lugha yake. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama ile ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliyounda Wakala na Mfuko wake. Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mzigo umemwangukia mfasiri.

Tazama neno jingine. Sheria ya 2005 ilisema nishati ya kisasa. Kiswahili cha Wakala kikapendelea nishati bora. La kwanza lapima wakati, la pili lapima thamani. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay (Wilaya ya Nyasa tangu mwaka 2012), kuni hupikia chakula na kukaushia samaki. Mti ukipandwa huota tena. Kwa hiyo kuni zaweza kuwa jadidifu, ilhali si nishati bora, wala si safi kwa mujibu wa mkakati wa taifa wa kupikia wa mwaka 2024.

Walimu hulalamika kwamba jadidifu ni neno gumu. Ugumu wake ni wa ugeni tu: kujadidi ni kufanya upya, nasi tuna kitenzi hicho kamusini. Twapendekeza litumike kwa chanzo kijirudishacho, na mbadala libaki pale tu ambapo kinachobadilishwa kimetajwa.