Siku ya Larry Itliong na Kumbukumbu ya Mgomo wa Delano

Mwaka 2015 Bunge la jimbo la California, nchini Marekani, lilipitisha mswada uliowasilishwa na mbunge Rob Bonta, nao ulipotiwa saini na Gavana Jerry Brown, tarehe 25 Oktoba ikawekwa kuwa Siku ya Larry Itliong. Sheria hiyo inamtaka gavana aitangaze siku hiyo kila mwaka, na inazihimiza shule za umma kuwafundisha wanafunzi maisha ya Itliong na mchango wa Wafilipino katika harakati za wafanyakazi. Kwa kuwa si siku ya mapumziko, ofisi hazifungwi wala kazi hazisimami, na kwa sababu hiyo uzito wake wote umewekwa darasani.

Modesto Dulay Itliong, aliyejulikana zaidi kwa jina la Larry, alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1913 katika mkoa wa Pangasinan, Ufilipino, iliyokuwa bado koloni la Marekani, akavuka bahari mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 15. Alifanya kibarua mashambani na katika viwanda vya kusindika samaki huko Alaska, ambako alipoteza vidole vitatu, na wenzake wakambandika jina la Vidole Saba. Kizazi chake huitwa manong, neno la Kiilokano, mojawapo ya lugha za Ufilipino, analoitwa kaka mkubwa kwa heshima. Wengi wao walikuwa wanaume wasio na wake, kwani wanawake wa kwao waliofika Marekani walikuwa wachache mno, na sheria ya California, ambayo tangu mwaka 1933 iliwataja watu wa asili yao waziwazi, iliwazuia kuoa Wazungu. Hivyo wakazeekea katika makambi ya mashamba, wakihama na misimu ya mavuno, bila mtoto wa kuwatunza.

Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda chama na kujadiliana na mwajiri, iliwaacha nje vibarua wa mashambani. Aidha, hadi mwisho wa mwaka 1964 wenye mashamba waliletewa kutoka Meksiko vibarua wa mkataba, mithili ya manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika, jambo lililofanya mgomo wowote uwe mgumu. Mpango huo ulipokoma, Wafilipino waliokuwa chini ya chama ambacho Itliong alikuwa miongoni mwa viongozi wake waligoma katika mashamba ya zabibu ya Coachella, California, mwaka 1965, wakapata dola 1.40 kwa saa. Mavuno yalipohamia Delano, katika jimbo hilo hilo, na wenye mashamba wakakataa kiwango hicho, wafanyakazi walikusanyika katika Ukumbi wa Wafilipino, wakapiga kura, na tarehe 8 Septemba 1965 zabibu zilizoiva zikaachwa mitini. Wazee wa manong walibaki makambini mwao, na waajiri wakawakatia maji, gesi na umeme.

Itliong alifahamu hila ya siku nyingi ya waajiri, ambao Wafilipino walipogoma waliwaingiza Wameksiko kazini, na Wameksiko walipogoma waliwaita Wafilipino. Kwa hiyo aliwaendea Cesar Chavez na Dolores Huerta, viongozi wa chama cha Wameksiko, na ingawa Chavez aliona chama chake bado kichanga, wanachama walipiga kura ya kuunga mkono mgomo tarehe 16 Septemba. Jamii mbili zilizokuwa zikigombanishwa zilipikiwa chakula katika jiko moja la Ukumbi wa Wafilipino, na mwaka 1966 vyama vyao vikaungana. Baada ya miaka 5 ya mgomo, pamoja na wito kwa wanunuzi kususia zabibu, wenye mashamba wa Delano walitia saini mikataba mwaka 1970.

Itliong alijiuzulu uongozi mwaka 1971, akiona kuwa sauti ya Wafilipino imefifia chamani, akafariki mwaka 1977. Jimbo lilipoweka Siku ya Cesar Chavez mwaka 2000, simulizi ya Delano ilikwisha kuzoeleka kuwa ya mtu mmoja. Bonta, mzaliwa wa Ufilipino ambaye wazazi wake walifanya kazi na chama hicho, alisimamia kwanza sheria ya mwaka 2013 iliyotaka mchango wa Wafilipino ufundishwe shuleni, kisha akaleta ile ya siku yenyewe.

Hata hivyo, siku iliyopewa jina la mtu mmoja inaweza kurudia kosa lililokusudiwa kurekebishwa, iwapo mwalimu ataishia kwenye wasifu wa Itliong. Somo linalostahili linafika hadi Kijiji cha Agbayani, makazi ya wazee wa manong yaliyofunguliwa Delano mwaka 1974 na kupewa jina la Paulo Agbayani, aliyefariki akiwa katika mstari wa wagomaji. Huko walipata paa la uzeeni watu wale wale waliokatiwa maji makambini Septemba 1965, na ambao, pamoja na kukosa watoto wa kuwarithi, walipigania ujira wa watakaokuja baada yao.