Kabla uuze yai lako, soma hii stori ya 1884

Wasee, leo sina vichekesho. Leo ni historia, na inaanza na mwanamke aliyelala.

Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1884. Bibi na bwana wameenda kwa daktari kwa sababu hawapati mtoto. Daktari ni William Pancoast, profesa wa chuo cha udaktari. Anampima mama, anampima tena, kumbe shida iko kwa mzee: hana mbegu. Basi siku moja mama anaitwa, anadhani ni vipimo tu kama kawaida. Anapewa klorofomu, analala fofofo. Wanafunzi wa udaktari wako hapo ndani wanaangalia. Mbegu zinatoka kwa mmoja wao, yule waliyeona ndiye mtanashati kuwaliko wote. Mama anaamka, anarudi nyumbani, na miezi tisa baadaye anajifungua mvulana.

Bwana aliambiwa baadaye na akafurahi. Aliomba kitu kimoja tu: mke wake asijue. Na hakuambiwa. Dunia ilijua mwaka 1909, wakati daktari mmoja aliyekuwa kwenye hicho chumba akiwa mwanafunzi aliandika barua kwa jarida la matibabu.

Nimeishi na hii stori kichwani kwa sababu zangu. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane. Watu hudhani mambo ya kuzaliwa kupitia mtu wa tatu yaliletwa na maabara. Zii. Kwa Biblia, Sara alikosa mtoto akampa Ibrahimu mjakazi wake Hajiri. Hajiri hakuulizwa, na baadaye akafukuzwa na mtoto wake jangwani. Hapa kwetu, Wakamba walikuwa na iweto: mwanamke asiye na mtoto anaoa mwanamke mwenzake, anatoa mahari, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Wanandi na Wakisii pia walikuwa na ndoa ya aina hiyo. Mnaweza kuikosoa, lakini kulikuwa na mashahidi. Ukoo wote ulijua mama ni nani na nani atarithi shamba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa kama hiyo ya Kinandi kwa kesi ya urithi.

Sasa turuke hadi Uingereza. Tarehe 25 Julai 1978, hospitali moja mjini Oldham, Louise Brown anazaliwa. Ndiye mtoto wa kwanza duniani wa IVF, yaani yai na mbegu vilikutanishwa maabara kisha kiinitete kikarudishwa tumboni. Walioifanya hiyo kazi ni watatu: Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, aliyesomea uuguzi. Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39 tu, na kwa miaka mingi jina lake halikuwekwa kwenye kibao cha kumbukumbu, hata ingawa Edwards mwenyewe alilalamika. Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ni Lesley Brown, mamake Louise. Alisimulia kwamba yeye alidhani mamia ya watoto walikuwa wameshazaliwa kwa njia hiyo. Hakujua ni yeye wa kwanza. Alikubali, ndiyo, lakini alikubali kitu ambacho hakuelezwa chote.

Waingereza angalau hawakulala. Mwaka 1982 serikali yao iliunda kamati iliyoongozwa na Mary Warnock, mwanafalsafa. Ripoti ikatoka 1984: kiinitete kisiwekwe maabara kupita siku 14, na kuwe na chombo cha kusimamia kliniki. Mwaka 1990 ikawa sheria. Halafu kuanzia Aprili 2005 wakaongeza kitu kikubwa: anayetoa yai au mbegu hawezi tena kujificha milele. Mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba kujua ni nani.

Kenya je? Watoto wetu wa kwanza wa IVF walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Sayansi ilikuja, sheria ikabaki njiani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiza kesi ya mapacha waliozaliwa na mwanamke aliyewabebea mimba watu wengine. Hospitali haikujua iandike jina la mama gani. Maofisa wa watoto wakaitwa, watoto wachanga wakapelekwa makao ya watoto. Mahakama ilisema haki zilikiukwa, na ikakubali kwamba hakukuwa na sheria ya kuongoza mambo hayo. Mwaka huohuo muswada uliletwa Bungeni na Millie Odhiambo. Ukarudi tena 2019. Ukarudi tena 2022. Mtoto aliyezaliwa wakati muswada wa kwanza unasomwa amemaliza darasa ngapi?

Sasa stori yangu.

Nikiwa mwaka wa pili, karo ilikwama. Rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye hosteli alinitumia tangazo: wasichana wenye afya, wanaosoma chuo, wanatafutwa kutoa mayai. Pesa yenye walikuwa wanatoa ingenilipia karo na nibaki na ya chakula. Nikaenda kliniki, siitaji jina. Kila kitu kinang'aa. Dada wa mapokezi akanipa fomu, kurasa mbili.

Nikauliza, "Nikipata shida baadaye, matibabu analipa nani?"

"Hiyo haijawahi kutokea, mrembo."

"Na huyo mtoto akitaka kunijua akiwa mkubwa?"

Akacheka. "Hawezi. Hapa wewe ni namba."

Hakuna aliyeniambia kwamba ni sindano za homoni karibu wiki mbili, kisha unapewa dawa ya usingizi na mayai yanatolewa kwa sindano. Hakuna aliyeniambia kwamba wakati mwingine ovari hufura kupita kiasi na tumbo hujaa maji. Hayo niliyasoma usiku huo kwa simu, bando ikiisha.

Sikurudi. Semista iliyofuata nikatoka chuo, kama mnavyojua. Rafiki yangu alienda. Tumbo lilimfura, nikampikia uji siku kadhaa, akapona. Alimaliza digrii yake. Kwa hivyo msinisome kama mtu aliyeshinda. Kuna mama mahali analala vizuri leo kwa sababu ya rafiki yangu, na hiyo pia ni kitu kizuri. Mashangazi wanaoitwa tasa kwa kila matanga wanajua nasema nini.

Ninachokataa ni kuambiwa nitie sahihi bila kuelezwa. Ukiamua kwenda, enda. Lakini uliza hatari zote, uliza bili ya matibabu ni ya nani, uliza rekodi zako zinawekwa wapi na kwa miaka mingapi. Ombeni nakala ya fomu mrudi nayo nyumbani. Wakikataa kukupa, umeshajibiwa.

Yule mama wa Philadelphia ilibidi alazwe kwanza. Sisi tunaulizwa tukiwa macho, na bado tunatia sahihi bila kusoma kwa sababu karo inadaiwa Ijumaa.